Kula ni Lazima

Kila aliyeharibikiwa na kompyuta alimjua Fundi, mama wa miaka hamsini na ushei, mdomo mkali, bisibisi nyuma ya sikio. Sifa yake kubwa ilikuwa kufufua michezo ya zamani kwenye mifumo isiyoijua. Kati ya mchezo na mfumo aliweka programu aliyoiita mkalimani. "Hao wawili hawasikilizani hata kidogo," alikuwa akitania, "anayetoka jasho ni mkalimani."

Jumapili moja mchana wifi yake, mjane wa pacha wake, alimletea diski ya kompyuta ya marehemu.

"Wifi, mashine yenyewe imekufa, ila drafti lake limo humu. Alilifundisha kucheza kama yeye. Hebu liangalie."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, macho chini. Siku pacha wake alipozidiwa, alimpigia simu mara tatu. Walikuwa wamenuniana kwa jambo la kipuuzi, basi Fundi akaitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza. Msibani alimwambia wifi kwamba simu ilikuwa imeisha chaji.

Tangu utotoni mapacha hao hawakuombana radhi kwa mdomo. Wakicheza drafti, mwenye kosa aliiweka kete yake mahali pa kuliwa bure. Mwenzake akiila, yamekwisha, akiipita, bado ana kinyongo. Sasa Fundi alipata tumaini la kijanja: katika drafti la kompyuta, kula ni lazima. Mashine haina hiari. Angesamehewa tu, pacha apende asipende.

Wifi alipoondoka, akaketi. Mkalimani aligoma mara mbili, kisha akakubali. Maandishi yalitoka viboksi vitupu, na sauti haikuwepo kabisa. Lakini uchezaji ulikuwa wa pacha wake mtupu: anaanzia pembeni, anasita, halafu anakuvamia. Fundi akaisogeza kete yake mahali pa kuliwa.

Mashine ikasita. Ikacheza kete nyingine.

"Mkalimani kavurunda," alijisemea. Akafungua ubao mpya, akachagua mchezaji wa kawaida wa mashine, akamtegea kete. Ikaliwa papo hapo. Akarudi kwa mchezaji wa pacha wake. Ikapitwa. Akarudia tena. Ikapitwa mara ya tatu, na vinyweleo vikamsimama. Chumba kilikuwa cheupe kwa jua la mchana, na yeye aliogopa kugeuka nyuma.

"Haya," alisema. "Chaji ilikuwepo. Niliiona simu yako, kaka. Nikaiacha iite."

Kete yake ikaliwa. Na spika, ambazo alikuwa hata hajazichomeka, zikatoa mlio mmoja wa kete ikigonga ubao.

Fundi alilia kwa sauti kama mtoto. Alipofuta macho, kioo cha kompyuta bado kilimngoja, maana zamu ilikuwa yake. Hakugusa kitu. Alichukua simu, akampigia wifi.