Nililaumu Kuku wa Mama Ayuma

Bado naona aibu kupita mbele ya Mama Ayuma, anayepokea simu kwenye duka letu la vifaranga hapa Kakamega. Tulizindua tovuti mpya, na kwa wiki nzima takwimu zangu zikaonyesha hakuna aliyeifungua. Mimi, mtaalamu mzima wa tovuti, nikamwambia bosi kwamba picha za kuku alizopiga mama huyo zinafukuza watu. Mama Ayuma, aliyekuwa ameketi papo hapo kando ya simu, akainamisha kichwa.

Mara simu yake ikalia, akaipokea.

"Ni mteja wa Chekalini," akasema. "Ameona hizo picha mtandaoni. Huyu ni wa sita leo."

Bosi akanigeukia. Nikafungua kompyuta: msimbo wa kuhesabu wageni nilikuwa nimeuacha kwenye tovuti ya zamani, ambayo tulishaifunga.

"Kwa hivyo kuku wangu hawana makosa?" Mama Ayuma akauliza taratibu.