Saa Nne ya Senge

Jumatatu niliiondoa Windows kwenye kompyuta ya senge, dada ya baba yangu, nikamwekea Linux, mfumo huria wa bure. Nilimhubiria kwamba sasa mashine ni yake na itamtii yeye, si kampuni fulani ng'ambo. Senge ana kibanda Malaba, kando ya foleni ya malori, na huwachapia madereva karatasi za kuvukia mpaka. Uhuru haukumsisimua. Aliuliza tu, "Itachapa?"

Jumatano ikakataa kuchapa. Printa ilihitaji programu yake, na kila nilipojaribu kuipakua mashine ilijibu kwamba orodha ya programu bado haijawa halali, nisubiri kwa muda wa saa tatu.

Nilibadilisha seva. Nikatoa laini ya Kenya, nikaweka ya Uganda. Nikabandika amri za watu nisiowajua mtandaoni, mimi ambaye hata mahubiri ya Jumapili huyadai ushahidi. Jibu halikubadilika.

"Injinia," dereva mmoja akaita dirishani, "hata kompyuta inangoja kibali?"

"Ssebo, ipe chai kidogo," akaongeza mwingine kutoka Uganda, na wote wakacheka.

Wawili walivuka barabara kwa jirani mwenye Windows ya wizi inayochapa vizuri sana. Senge aliwasindikiza kwa macho.

"Ikifika mchana haijachapa, rudisha ile ya zamani. Na usiguse tena kitu changu."

Nilitazama kona ya skrini: 4:07. Saa nne na dakika saba, sawa kabisa. Kisha simu yangu ikawaka pale mezani: 10:07.

"Senge, nani amegusa saa?"

"Mimi. Jana asubuhi ilisema ni saa nane, na mimi ndiyo nafungua! Nikairudisha hadi saa mbili, nikazima ile ya kujirekebisha. Si ulisema inanitii?"

Ilimtii kweli. Kwa mashine ilikuwa alfajiri, na orodha iliyotengenezwa saa moja asubuhi hiyo ilikuwa imetoka siku za usoni. Mimi ninayehoji kila kitu sikuwa nimehoji saa.

Niliirekebisha, programu ikaingia, printa ikakohoa na kutema karatasi ya kwanza. Senge mwenyewe alivuka barabara kuwarudisha wale wawili.

Aliporudi alikata plasta, akaibandika juu ya ile kona ya skrini.

"Hiyo kumi yako ikae huko chini ya plasta," akasema. "Hapa ni saa nne."