Pete Iliyozama Kwenye Unga

Kabla ndugu zangu hawajanitangulia kusimulia, na kila mmoja akatia chumvi yake, naomba niseme mwenyewe: pete alikosea Shangazi, lakini fujo niliianzisha mimi.

Shangazi, dada yake baba, ni sonara. Duka letu ni dogo, watu watano wakiingia wa sita anasubiri barabarani. Mbele kuna kabati la kioo lenye hereni, mikufu na bangili. Nyuma ya kabati nakaa mimi na simu, maana mimi ndiye mwenye kazi ya kupiga picha, kuziweka kwenye ukurasa wetu na kujibu wateja. Nyuma yangu, dirishani penye mwanga, ndipo ilipo meza yake ya kazi, imeliwa na tupa ukingo mzima mpaka ina mabonde. Anavaa aproni ya ngozi na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na mara tatu kwa siku ananiuliza miwani yake iko wapi.

Kilichomfanya ajulikane ni mkono wake. Pete za kupimia tunazo, zile zinazofungwa pamoja kama funguo za mlinzi, kila moja na namba yake. Zinaning'inia kwenye msumari, zimejaa vumbi, kwa sababu Shangazi hazigusi. Ukiingia anakupa mkono, hakuachii, anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za wazazi, na wakati wewe unajibu, kidole gumba chake kinapita juu ya fundo la kidole chako mara mbili tatu. Kisha anataja namba. Alifundishwa na babu, na amefanya hivyo miaka thelathini na tisa. Ukoo ukikutana huwa tunamfunga macho kwa kitambaa apime wageni, na akipatia sisi ndio tunaojipigia makofi.

Basi Jumanne moja asubuhi nikafungua simu nikakuta nyota moja. Chini yake mteja alikuwa ameandika hivi: “Pete inanipwaya. Imeniponyoka mara tatu, mara ya mwisho imezama kwenye unga niliokuwa nakanda, nikautoboatoboa wote kuitafuta. Fundi hapimi, anakushika mkono tu na kupiga soga. Amezeeka, apumzike.”

Mimi Shangazi ananiita Kiberiti, na hakukosea kunipa jina hilo. Damu ilinipanda. Sikuuliza mtu, sikunywa hata maji. Niliandika: “Dada, pete haikui. Labda kidole ndicho kilichokonda. Kula vizuri.” Nikatuma. Halafu, kana kwamba hilo halikutosha, nikaenda kwenye kundi la familia nikaandika kwamba Shangazi anatukanwa mtandaoni.

Ukoo wetu hausubiri kuitwa mara mbili. Ndani ya nusu saa ukurasa ulifurika nyota tano tano. Wifi alisifu mkufu ambao hatujawahi kuuza. Binamu mmoja, ambaye nadhani alidhani ni zahanati, aliandika, “Nimepona kabisa, asanteni sana.” Ba' mdogo, dereva wa lori, mtu asiyesoma kitu hadi mwisho, akaandika kwamba yeye amenunua kwetu jozi mbili na zote zimemkaa vizuri miguuni.

Yule mteja hakuchelewa kujibu. “Nimehesabu watu kumi na mmoja,” aliandika, “tisa wana jina moja la ukoo na mmoja anasifu viatu. Pete bado inapwaya.” Watu wasiotujua wakaanza kucheka hapo chini, mmoja baada ya mwingine, na wengine wakaniuliza mimi kama duka langu linatoa pia ushauri wa chakula. Nilitamani sakafu inimeze.

Shangazi alikuwa bado hajui kitu. Alikuwa analehemu bangili, amebana midomo kama kawaida yake akiwa na moto mkononi. Simu ya duka ikalia, nikaipokea kwa spika bila kufikiri, na sauti ya Ba' mdogo ikajaa duka zima.

“Dada! Tumemkomesha!”

Shangazi akazima gesi. “Mmemkomesha nani?”

Ba' mdogo akaeleza yote, kwa fahari, mpaka sehemu ya viatu. Alipokata simu, Shangazi akaniangalia.

“Soma alichoandika mteja.”

Nikasoma. Nilipofika mwisho nikapunguza sauti, nikanyamaza.

“Umeruka, Kiberiti.”

“Sijaruka, Shangazi.”

“Umeruka. Soma.”

Nikasoma, “Amezeeka, apumzike.” Alisimama, akazitoa pete za kupimia msumarini, akazipuliza vumbi, akanishika mkono. “Kumi na sita,” akasema. Tukapima, ikawa kumi na sita. Akatoka mpaka kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, akamshika mkono, wakasalimiana kwa kirefu. “Kumi na nane.” Tukapima. Kumi na tisa.

“Labda amevimba,” nikasema.

“Labda mimi nimekwisha,” akasema.

Alirudi akakaa kwenye kiti chake, mikono katikati ya magoti. Nimefanya kazi naye miaka saba na sijawahi kumwona kwenye meza ile bila kitu mkononi. Niliogopa. Niliona aibu pia, kwa sababu wakati mimi nagombana na mteja, yeye alikuwa anajiuliza kama mteja anasema kweli, na hilo halikuwa limenipitia kichwani hata kidogo.

“Kesho nakwenda kumshika tena mkono huyo mama,” akasema. “Nikimkosea mara ya pili, nafunga meza. Sitaki kuharibu pete za watu eti kwa sababu watoto wa kaka yangu wanaona haya kuniambia.”

Kumpata hakukuwa kazi. Yeye mwenyewe alikuwa na ukurasa, anauza mikate, na mahali pa kuoka palikuwa pameelekezwa vizuri kuliko duka letu. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa mlangoni, chumba kirefu chenye meza ya bati, mabeseni ya unga na tanuri ambalo lilikuwa halijawashwa. Mwenyewe alikuwa anakanda. Mwanamke mpana wa mabega, mikono imezama kwenye unga mpaka viwiko. Alimtambua Shangazi papo hapo, akasimama wima.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya pete.”

“Mama, mimi sikukusudia ufunge safari asubuhi hii.” Akanitazama. “Na yule aliyeniambia nile vizuri yuko wapi?”

Shangazi akanionyesha kwa kidevu. “Huyo hapo. Mpe kazi.”

Nikapewa. Trei arobaini, brashi na kopo la mafuta. Wakati napaka trei ya kwanza, mwoka mikate alinawa mikono kwa maji ya ndoo, yaliyokuwa ya baridi kiasi kwamba hata mimi niliyeyatazama nilihisi, akampa Shangazi mkono. Nikaacha kupaka. Kidole gumba kikapita mara moja, mara mbili, mara tatu. Shangazi akafumba macho.

“Kumi na tano.”

Tukapima kwa zile pete za kupimia tulizokuja nazo, ikawa kumi na tano. Nilitaka kushangilia, kisha nikauona uso wake. Pete aliyotengeneza ilikuwa kumi na saba. Kwa hiyo leo alikuwa amepatia, na siku ile ya dukani alikuwa amekosea namba mbili nzima. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja hakosei hivyo.

“Umesema kweli, mwanangu,” akamwambia mwoka mikate. “Nisamehe. Nitakutengenezea nyingine, na hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho.”

Yule mama alipigwa na butwaa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kwa mtu mzima kuomba radhi mbele ya mabeseni. Akavuta kigoda. “Mama, huondoki hapa na njaa. Kaa usubiri mikate itoke.”

Tukakaa. Yaani yeye alikaa, mimi nilipaka trei. Tanuri likawashwa, mikate ikaingia, ikatoka, mingine ikaingia. Kufikia saa sita mchana chumba kile kilikuwa kimepamba moto, jasho linanidondoka kwenye mafuta. Mwoka mikate alikuwa hajatulia hata dakika moja, anachomoa, anaingiza, anageuza. Mwishowe akakata mkate, akamnyooshea Shangazi kipande. Shangazi akakipokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika kiganja kilichokuwa kinampa.

Hakukiachia. Kipande cha mkate kikaanguka chini.

“Kumi na saba!” alipiga kelele. “Kiberiti, lete pete! Kumi na saba!”

Nikakimbia nazo, mikono yote mafuta. Ya kumi na tano iligoma kwenye kucha. Ya kumi na sita ikakwama kwenye fundo. Ya kumi na saba ikaingia kama imeitwa.

“Siku ile ulikuja dukani saa ngapi?” Shangazi akauliza.

“Mchana huuhuu. Nilitoka hapahapa mbio, hata aproni sikuvua.”

Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu, na yule mama naye akaanza kucheka, akijitazama vidole kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuviona. Asubuhi anakanda kwa maji ya baridi, vidole vinasinyaa. Mchana anasimama mbele ya tanuri, vinavimba. Pete ilikuwa inamkaa vizuri saa zile asizokanda, na inamponyoka saa zile anazokanda.

Mimi tayari nilikuwa nimetoa simu. “Shangazi, naandika sasa hivi! Pete ilikuwa sawa!”

“Rudisha simu mfukoni. Ilikuwa sawa mchana tu. Mtu anavaa pete siku nzima.” Akamgeukia yule mama. “Mwanangu, nilikuuliza habari za watoto, za mama mkwe, mpaka za paka wako mgonjwa. Ulisimama mbele yangu na aproni imejaa unga, sikukuuliza unafanya kazi gani!”

“Paka alipona,” akasema mwoka mikate.

Pete tuliondoka nayo. Shangazi aliipunguza hadi kumi na sita na nusu, na kwa ndani, upande wa kiganjani, akalehemu vipunje viwili vya fedha, vidogo kama mbegu za nyanya. Pete inavuka fundo, kisha vile vipunje vinaizuia isiteleze. Ijumaa nikaipeleka mwenyewe. Niliomba radhi kwa mdomo wangu, nikapewa trei nyingine kumi.

Kisha Shangazi akanikalisha tuandike jibu, yeye akisema, mimi nikiandika, na kila nilipotaka kupamba alinipiga kofi mkononi. Jibu lilitoka hivi: “Ni kweli pete ilipwaya, na kosa ni langu. Nilipima mkono bila kuuliza kazi yake. Nimeirekebisha. Waliokujibu ni ndugu zangu, wananipenda kupita kiasi, na viatu hatuuzi. Kuhusu kuzeeka, ni kweli, nina miaka sitini na mitatu. Kuhusu kupumzika, bado kidogo.”

Mwoka mikate hakufuta maneno yake, na Shangazi alisema asiyafute. Ila alipandisha nyota zikawa nne, akaandika kwamba ya tano ataitoa siku yule msichana wa dukani atakapojifunza kupaka trei mpaka kwenye pembe. Wiki ile ile wakaja wateja sita wapya. Wote walimpa Shangazi mkono na kumtajia kazi zao kabla hajauliza.

Nilidhani yameisha. Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua, Shangazi akaniita mezani.

“Yule fundi cherehani,” akasema. “Nimempima tena Alhamisi, na juzi. Mara zote nimesema kumi na nane, na pete zinasema kumi na tisa. Hajavimba. Kidole gumba hiki kinakufa ganzi.” Alilisema hilo kama mtu anayekwambia gesi imebaki robo. “Si kila siku. Lakini kimeanza.”

Machozi yalinijia, nikajikaza kisabuni, yakatoka hivyo hivyo.

“Ukimaliza kulia, kaa hapa,” akasema, akanivutia kiti chake. Sikuwa nimewahi kukikalia. Kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani, na kutoka pale mlango ulionekana wote. Tulipofungua, mteja wa kwanza akaingia, kijana mrefu, anataka pete ya kidole cha kati. Shangazi hakusogea. Alinisukuma bega.

Nikasimama, nikampa mkono.

“Karibu, kaka. Habari za nyumbani? Unafanya kazi gani?”

Alisema yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nikapitisha kidole gumba juu ya fundo kama nilivyoona kikipitishwa miaka saba. Nilihisi ngozi, makovu madogo ya cheche, mfupa. Namba sikuihisi popote.

“Kumi na nane,” nikasema.

Pete za kupimia zilisema ishirini na moja. Shangazi alicheka mpaka yule kijana naye akacheka bila kujua anachocheka, na mimi nikaanza kuuvuta mkono wangu kwa aibu.

“Usimwachie,” Shangazi akasema. Aliweka mkono wake juu ya wangu, akakisogeza kidole changu taratibu mpaka mahali alipopataka. “Hapo. Anza upya.”