Nilifungiwa Ndani ya Chumba Nilichokichora Mwenyewe

Walai, hii ilinitokea mimi. Riyadh, mwaka 2016, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Nilifungiwa kwa ufunguo katika chumba nilichokichora kwa mkono wangu.

Naitwa Nyambura. Mimi ni msanifu majengo, msinione hivi.

Kampuni yetu ilikuwa inajenga mtaa mpya Al-Naseem. Kuta nene za udongo kama za watu wa kale wa jangwani, ua katikati, madirisha ya mbao ya nakshi kama ya Jeddah ya zamani. Ndani sasa, AC, wifi, jiko la kisasa. Nyumba hizo zikipendwa, tungejenga zingine arobaini Ruwais, kule Jeddah.

Familia ya kwanza ilihamia, ikalalamika kwamba upande wa wanawake una joto. Wanaume wa ofisi hawangekubaliwa kuingia huko. Nikatumwa mimi.

Dereva alinishusha, akaenda zake.

Mlango ulifunguliwa na bibi mzee, mama wa mwenye nyumba. Aliniangalia, abaya nyeusi na uso mweusi.

"Kenya?"

"Kenya!" nikajibu, meno yote nje.

"Yalla," yaani twende.

Akapokea mkoba wangu. Nikajiambia, ukarimu huo. Akaomba simu kwa ishara, nikampa, mjinga mimi. Akanipeleka nyuma ya jiko, akafungua mlango mdogo. Niliingia nikidhani joto liko hapo.

Nikasikia ufunguo ukizunguka.

Kitandani kulikuwa na aproni, imekunjwa vizuri.

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanangoja mfanyakazi wa nyumba kutoka kwa ajenti, na Mkenya aliyefika ni mimi.

Niligonga mlango kwa ngumi. "Madam! Mimi ni injinia! Muhandisa!"

"Halas, halas," basi, basi, akanibembeleza kutoka nje. Ni wazi alishazoea wanaolia siku ya kwanza.

Ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilikuwa kwenye mkoba. Bila ikama, bila simu, ningemwambia nani mimi ni nani? Niliogopa. Nikamwona mama yangu Karatina akinipigia miaka miwili nzima ya mkataba bila kupata jibu.

Nyumba hiyo niliijua yote. Nikatafuta njia kichwani. Mlango ni mmoja, unatokea jikoni. Dirisha hakuna. Nikakaa sakafuni nikalia.

Baada ya saa mbili mlango ukafunguliwa. Alisimama msichana Mkenya na begi lake, Selipher. Nyuma yake ni mwenye nyumba, ametoka kumchukua kwa ajenti. Mwenye nyumba, aliyewahi kuniona ofisini kwetu, aliponitambua alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama! Huyu ndiye muhandisa!"

Bibi mzee akaniomba msamaha, akanirudishia vitu vyangu, akaniletea kahawa na tende. Kila mtu akacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Selipher aliingia chumbani, akatazama kuta zote nne.

"Sista, kwani fundi alisahau dirisha?"

Hakuna aliyesahau. Kwenye mchoro wangu wa kwanza lilikuwepo, likitazama uani. Bosi wangu akasema familia haitaki kuangaliwa na mfanyakazi ikipumzika. Nikalifuta. Sikubisha hata kidogo.

"Labda alisahau," nikamwambia.

Nikatoka. Bibi mzee akamfungia Selipher kwa ufunguo.

Kwa nyumba za Ruwais niligombana na bosi hadi vyumba vyote arobaini vya wafanyakazi vikapata dirisha. Cha Selipher kilikuwa kimeshajengwa.

Wewe unayechorea watu nyumba, lala kwanza kwenye kile chumba kidogo. Mimi nilikaa humo saa mbili tu, na bado nilimdanganya Selipher.