Majarida Yaliyogeuka Trei za Mayai

Chuoni walimwita Bi Majarida, na jina hilo alitembea nalo kifua mbele. Kazi yake ilikuwa kutunza majarida ya utafiti, yale mazito yaliyojalidiwa kwa kitambaa cha kijani, na ole wake aliyekunja ukurasa. Jarida moja lilikuwa na makala ya mdogo wake wa kiume, mtafiti wa magonjwa ya mihogo, aliyefariki binti yake akiwa bado ananyonya.

Kisha mtandao ukaja. Mchapishaji wa ng'ambo aliahidi kwamba chuo kikilipa ada ya kila mwaka, majarida yote, mapya kwa ya zamani, yatasomwa kwenye kompyuta. Bi Majarida alishangilia kuliko wote. Kikaoni alisema yale ya karatasi yanakula nafasi na kufuga panya, yaondoke. Yakaondoka, malori mawili mazima, hadi kiwanda cha trei za mayai. Mkataba aliusoma, tusimsingizie uvivu. Ulisema wazi kwamba chuo kinakodi, hakinunui. Alidhani tu kwamba chuo kizima hakiwezi kushindwa na kodi.

Bei ikapanda mwaka hadi mwaka mpaka maji yakafika shingoni. Chuo kikajitoa, kikaamua fedha zile zitumike kuchapisha kazi za wasomi wake mahali ambapo yeyote atasoma bure. Uamuzi mzuri, naye aliuunga mkono kwa moyo mweupe. Lakini bure hiyo ilianzia kwenye makala mapya. Ya zamani yalifungwa siku ileile.

Mwaka huo binti wa mdogo wake akajiunga na chuo. Kabla hata ya kwenda darasani alipitia maktaba.

"Shikamoo, Shangazi. Nimekuja kusoma kazi ya Baba. Mama anasema wewe ndiye unayeitunza."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Alifungua kompyuta. Jina la marehemu likatokea, mistari michache ikafuata, kisha dirisha la kudai malipo.

"Na ile ya karatasi?"

"Niliitoa, mwanangu. Mimi mwenyewe."

Binti akarudia kusoma ile mistari michache kwenye kompyuta. Afadhali angegomba.

Kuinunua makala ile kulimshinda Shangazi. Kuikodi kwa siku mbili aliweza. Wakajifungia ofisini. Binti angeweza kupiga picha kwa simu, ila alitaka kuyaandika maneno ya baba yake kwa mkono wake. Basi Shangazi akawa anasoma kwa sauti, taratibu, naye anaandika, mpaka wakafika kwenye shukrani. Marehemu aliwashukuru wakulima, akamshukuru mkewe, kisha akaandika: "Na dada yangu, ambaye mikononi mwake hakipotei kitu."

Sentensi hiyo Shangazi aliisoma kimoyomoyo.

"Endelea, Shangazi," binti alisema, kichwa kimeinamia daftari. "Baada ya Mama, alimshukuru nani?"