Kibwana Mdoe na ukoka wa mbwa wa ghorofani

Kumepambazuka Korogwe. Kando ya Mto Pangani, mahali maji yalipokimbia yakaacha tope lenye nyufa, Kibwana Mdoe amechuchumaa na panga lake butu. Hakati kuni wala hachumi mboga. Anakata ukoka.

Anaukata kwa pande la mraba, pamoja na udongo na mizizi yake. Anapitisha viganja chini yake taratibu, anauinua, kisha anaulaza juu ya gunia alilolilowesha. Hatua chache kutoka hapo ng'ombe wawili waliokonda wanamtazama. Mwaka huu wa 1974 majani mabichi yamebaki mtoni tu, na hata hapo ni ya kutafuta.

Ukoka huu si wa ng'ombe. Ni wa mbwa, na wala si wa kula. Ni wa kukojolea.

Msomaji asicheke upesi. Kwa kazi hii Kibwana, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hupata shilingi mia moja na ishirini kwa mwezi pamoja na chakula cha mchana. Fedha hizo ndizo zinazomlisha mama yake mzazi, mkewe Hamisa na watoto wao watatu, ambao mwezi wa nane walihamishiwa kijiji kipya huko Handeni baada ya mahindi yao kukauka shambani. Kibarua hiki kikimponyoka, wao hawali.

"Watu wananiita mtumishi wa mbwa," anasema huku akifunga gunia. "Waniite. Mbwa huyu ananilishia wanangu."

Mwajiri wake ni Mama Sushila, mjane wa marehemu Mukesh aliyekuwa akiuza vitambaa mjini hapa. Anaishi ghorofani, juu ya duka la ushirika, katika nyumba iliyokuwa yake na ambayo, tangu serikali ilipotaifisha majumba mwaka 1971, yeye ni mpangaji ndani yake. Magoti yamemkataa; hapandi ngazi wala hashuki. Mwanawe yuko Uingereza. Aliyebaki naye ni Moti, mbwa mdogo mweupe mwenye sikio moja lililokunjika.

Zamani Moti alikuwa akishuka uani kujisaidia, penye ukoka uliopandwa na marehemu. Sasa ua umekuwa ghala. Mlango wa ngazi unatokea barabarani, na barabarani kuna bunduki: tangu kichaa cha mbwa kiingie mjini, mbwa anayeonekana nje anapigwa risasi, awe na kamba asiwe nayo. Mama yake Moti aliuawa mbele ya mlango huo mwezi wa saba. Kibwana ndiye aliyemzika.

Basi Moti akabaki juu, na haja zake zikabaki juu pamoja naye. Sakafu ya Mama Sushila ni ya mbao kuukuu. Chini ya mbao ni dari, na chini ya dari yamepangwa magunia ya unga wa njano kutoka ng'ambo, ule ambao watu wameubatiza jina la Yanga.

Gregori, mtunza duka, ni mtu mpole. Lakini ukimtajia jambo hili uso wake unabadilika.

"Watu wanapanga foleni hapa tangu alfajiri," anasema. "Mama mjamzito anasimama juani mpaka miguu inavimba, apate kilo mbili. Halafu nimpe unga uliokojolewa na mbwa? Magunia mawili nimeyamwaga shimoni. Kuna mzee aliona, akalia mbele yangu. Mimi sina ugomvi na yule mama, ila hilo siwezi."

Mwanzoni mwa mwezi huu Gregori alitoa muda: mpaka Ijumaa ya wiki ya pili. Likidondoka tone jingine baada ya hapo, atampandisha mwenye bunduki juu.

Kibwana hakuhitaji kufafanuliwa. Mama Sushila hupika mwenyewe akiwa ameketi kwenye stuli, na kufua anafuliwa na mama mmoja wa jirani. Kibwana aliajiriwa kumpandia na kumshukia ngazi, na kumtunza mbwa. Mbwa akiondoka, naye anaondoka.

Walianza na magazeti sakafuni. Moti aliyatafuna, habari ambayo mwandishi wa makala haya hakufurahi kuisikia. Wakajaribu vumbi la mbao, akalifukua likaenea nyumba nzima. Ndipo Mama Sushila alipokumbuka kwamba Moti amekulia kwenye ukoka, na kwamba hajawahi kujisaidia mahali pengine mpaka ua ulipofungwa.

"Nikamwambia Kibwana, kama mbwa hawezi kwenda kwenye majani, basi majani yaje kwake," anaeleza mama huyo kwa Kiswahili chake cha miaka mingi ya dukani.

Kibwana alipata kasha kuukuu la chai, akalikata likabaki na kimo cha kiganja, akatandika nailoni ndani, juu yake ukoka mbichi wa mtoni. Akaliweka penye baraza ya nyuma. Moti aliwekwa juu yake akashikiliwa mpaka akakojoa. Mama Sushila alipiga makofi, akampa kipande cha chapati.

Hapo ndipo Kibwana alipokosea, na kosa lenyewe lilitoka kwenye uchaji wake.

Kibwana ni mtu wa kuswali. Nguo za kazi anazivua kwa rafiki yake, anaoga, ndipo anaingia msikitini. Kilichoguswa na maji ya mbwa anaijua hukumu yake tangu chuo cha Kurani: kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo aliuchukua ule ukoka uliolowa akaurudisha mtoni. Kasha akalisugua kwa udongo, akalisuuza na kulisuuza tena mpaka likang'aa, akaleta ukoka mpya.

Moti alirudi, akanusa, akajizungusha na kulala juu yake usingizi mtamu. Alipoamka aliteremka, akaenda zake kwenye pembe ileile ya siku zote, akainua mguu.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Wakimshikilia, anakojoa kwenye ukoka, Kibwana anaosha, Moti anapageuza kitanda. Mama Sushila naye alikuwa akimsifu Kibwana kwa usafi, maana hajawahi kupata mfanyakazi msafi namna ile. Wote wawili walikuwa wakiliharibu jambo kwa moyo mweupe.

Kuosha kunataka maji, na maji ya kasha lile aliyapangia foleni bombani pamoja na watu wengine. Zuena, mama lishe wa hapa Korogwe, alimwona siku moja akipita na gunia lake la ukoka begani na ndoo mkononi.

"Nilimwambia ukweli," anasema Zuena. "Nilimwambia, we Kibwana, ng'ombe wanakufa kwa njaa, watoto hawana maji ya kunywa, nawe wamtandikia mbwa majani mabichi na kumwoshea? Aliinamisha kichwa akapita."

Kibwana anasema aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. "Alikuwa na haki. Ningekuwa mimi kwenye foleni ningesema vibaya zaidi."

Siku mbili kabla ya Ijumaa bomba lilikauka kabisa. Maji kidogo yaliyokuwamo ndani yalikuwa ya kupikia. Moti akakojoa kwenye pembe yake, na Kibwana akaanguka magotini, akaupangusa mkojo kwa tambara kabla haujapenya kwenye mbao. Pembe akaisugua kwa majivu na ndimu. Tambara hakuwa na maji ya kulifulia. Alilitupa kwa hasira, likaangukia kwenye kasha, juu ya ukoka.

"Nilikuwa nimechoka," anasema. "Nilijiona nimekwisha. Niliketi kwenye ngazi nikawa nawaza nitamwambia nini Hamisa."

Kesho yake alimkuta Moti amesimama ndani ya kasha. Alinusa pale tambara lilipolala, akanusa tena, akainua mguu bila kushikwa na mtu.

Mama Sushila alikuwa kwenye kiti chake, anaona yote. "Kibwana, leo hukuosha?"

"Maji hamna, mama."

"Basi usioshe. Acha hivyohivyo."

"Mama, hiyo ni najisi."

"Kwako ni najisi. Kwake ndiyo alama kwamba hapa ni pake."

Tangu siku hiyo, Kibwana akileta ukoka mpya huacha kipande cha ule wa zamani pembeni, na harufu yake. Kwa mtu wa namna yake si jambo jepesi kuhifadhi uchafu kwa makusudi. Alipoulizwa kama aliwahi kutaka ushauri kwa shehe, alitikisa kichwa. "Sikumwuliza," anasema. "Niliogopa jibu."

Ijumaa Gregori alipanda juu ya magunia, akapapasa dari kwa kiganja, ubao kwa ubao. Ilikuwa kavu. "Sawa," alisema, akashuka. Kibwana siku hiyo aliswali huku machozi yakimtoka, na hakujali nani anamwona.

Jumapili iliyofuata alifunga safari ya Handeni na nusu gunia la unga, na mwandishi alifuatana naye. Kijiji kipya kimejengwa kwa mstari mnyoofu, nyumba za fito na udongo ambao bado haujakauka. Mbele ya nyumba moja ameketi Bi Hajira, mama yake Kibwana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja." Hakusema zaidi. Zamani, anasema Hamisa, mama mkwe wake alikuwa mcheshi, mtu wa kumtania kila apitaye njiani.

Hamisa anaeleza yaliyotokea. Siku ya kuhama, Bi Hajira aliyang'oa mafiga yake matatu, aliyopewa na mama mkwe wake alipoolewa, akayapakia kwenye lori kabla ya kitanda. Kijana mmoja kati ya waliokuja na lori aliyatupa chini mwendo ulipoanza, ili kupata nafasi. Alimwambia, "Bibi, mawe yako kila mahali."

Ni kweli, mawe yako kila mahali. Hata hapa yapo matatu, makubwa na imara, na Hamisa anapikia. Lakini Bi Hajira akila matonge mawili anasukuma sahani, anasema ugali haujaiva. Mara mbili ametoroka na kurudi Kwembago, kijiji cha zamani, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu yake. Mara zote mbili walimkuta amekaa penye jiko la zamani, palipobaki majivu na shimo. Nyumba yenyewe haipo tena.

"Anakonda," anasema Hamisa. "Unga anaotuletea mume wangu upo. Mwenye kuula ndiye hayupo."

Basi la kurudi Korogwe lilipokaribia mjini, Kibwana alianza kusema.

"Nilikuwa namtazama mama, nikamkumbuka Moti amelala juu ya ukoka msafi." Akatazama dirishani. "Si adabu kumfananisha mzazi na mbwa. Naomba hilo usiliandike."

Jumatatu Mama Sushila alimwita akamketisha. Mwanawe amemtumia tiketi. Mwisho wa mwezi anaondoka kwenda Uingereza, na hatarudi. Moti hawezi kwenda naye. Hakuna jirani anayemtaka, na akiachwa barabarani kila mtu anajua kitakachompata. Mama huyo aliyasema hayo huku amekishika kichwa cha mbwa mapajani, naye Kibwana akitazama sakafu ambayo amehangaika nayo ikauke, na sasa imekauka kwa ajili ya mpangaji mwingine.

Kwa hiyo ukoka anaoukata wiki hii ndio wa mwisho. Kazi aliyoiokoa imekwisha, na nyingine hapa mjini hajaiona. Kwenye mashamba ya mkonge wameshamwambia hawaongezi watu. Kilichopo ni kurudi Handeni, kulima, na kuomba mvua za vuli zinyeshe.

Moti anakwenda naye. Mbwa ndani ya nyumba hatakuwamo, hilo amelisema wazi, lakini shambani inaruhusiwa, na nguruwe pori wa huko wanahitaji wa kuwabwekea. Atamjengea kibanda ukingoni mwa shamba. Mama Sushila amempa kikapu cha kumbebea na shuka la marehemu la kufunikia, abiria wasije wakapiga kelele.

"Na pande moja la ukoka nachukua," anasema Kibwana, "lile la zamani, lisilooshwa. Nalipanda pale kibandani. Akilinusa atatulia. Asipolinusa atakimbia kurudi huku, na huku wana bunduki."

Amelitwaa gunia begani sasa, anapanda ukingo wa mto. Juu, kabla ya kufika barabarani, anasimama na kugeuka.

"Lile la mama na Moti nililokukataza, andika. Labda atalisoma mwenye lori."

Kisha anasema alichopanga. Kabla ya kulima, kabla hata ya kibanda cha mbwa, atakwenda Kwembago. Ataifuata njia ya lile lori kwa miguu, akitazama huku na huku kwenye nyasi kavu. Mawe mazito, anasema, hayaendi mbali. Akiyapata atayabeba kichwani, moja moja, mpaka kwa mama yake.

"Na masizi yake," anasema, "sitayaosha."