Bastola ya Chini ya Ngazi

Chini ya ngazi ya nyumba yangu ya Woolwich pana kabati la kuwekea vikorokoro vya nyumba: fagio, ndoo, mabuti ya mvua. Kwa miaka mingi, kila ifikapo tarehe tano Novemba, Waingereza wanapopasua fataki zao mitaani, nilikuwa nikivitoa vyote hivyo nje na kuingia mimi. Binti yangu akiniletea mto na chupa ya chai, tukakaa humo magoti kwa magoti mpaka kelele zinyamaze. Alianza kukaa nami akiwa na miaka minne. Alipofika kumi akaniambia kwamba darasani kwao watoto wote wameshaziona fataki isipokuwa yeye. Hakulalamika, aliniarifu tu. Neno lile lilinichoma, na bado linanichoma.

Sababu yenyewe si siri. Siku za Mapinduzi nilikuwa na miaka saba, tunakaa Mji Mkongwe. Risasi zilipoanza kulia, mama alinisukuma chini ya ngazi, akaingia nyuma yangu, akaniziba mdomo kwa kiganja. Baba alikuwa nje. Alirudi siku ya tatu, mzima wa afya, akaomba chai. Sote tukatoka chini ya ngazi, lakini naona mimi sikutoka sawasawa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimekuwa nesi miaka thelathini, nimefumba maiti macho, sikuwahi kutetemeka. Lakini siku mtungi wa oksijeni ulipoanguka wodini, niliingia chini ya kitanda cha mgonjwa, na mgonjwa ndiye aliyenibembeleza nitoke.

Aliyenifuma ni jirani yangu, kalasinga mzee aliyezaliwa Nairobi, fundi mitambo aliyestaafu, kama nilivyostaafu mimi unesi. Alikuja jioni ya fataki na sahani ya ladu za sikukuu yao. Binti yangu akamfungulia, naye akaona miguu yangu imechomoza kabatini.

"Dada," akasema kwa Kiswahili chake cha gereji, "wewe iko na shida gani huko ndani?"

Nikamweleza nikiwa humo humo, maana kutoka sikuweza. Alisikiliza mpaka mwisho, akala ladu moja katika zile alizoniletea, kisha akasema, "Mimi iko na klabu ya shabaha. Bastola ya zamani, ya baruti. Kuja upige mlio moja yako. Mlio ya mwenyewe haiwezi kukushtua."

"Mum, absolutely not," akasema binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kujibu kwa Kiingereza. Nadhani hilo ndilo lililonipeleka. Sipendi kukatazwa.

Bastola karibu zote zimepigwa marufuku nchi hii. Zilizobaki kwa watu wa klabu ni kama hizi: nakala zilizotengenezwa upya za bastola za miaka mia moja na hamsini nyuma, zenye silinda ya matundu sita, na kila tundu unalijaza mwenyewe kwa mbele, baruti kwanza, kisha risasi ya duara kama gololi. Kupakia kunachukua muda wa kupika uji. Hilo lilinipendeza. Nilijiambia, mtu mwenye hasira zake atakuwa ameshapoa kabla hajamaliza tundu la tatu.

Klabu ilikuwa na nne za kuazima, ili mwanachama mpya ajaribu kabla hajanunua yake. Mimi nikaikimbilia moja kwa moja ile yenye fremu ya shaba. Kwetu kitu kizuri ni cha shaba: dele la kahawa, misumari ya mlangoni, sinia la bibi lililosuguliwa kwa ndimu na jivu mpaka ukajiona uso. Ilikuwa inang'aa, kubwa, nzito. Nikaishika, nikajiona mke wa sultani.

Ilikuwa uzuri wa mkakasi. Kila nilipovuta kifyatulio ilirusha mkono wangu juu na kunguruma ndani ya kifua changu, nami nikachuchumaa. Wiki ya kwanza nilichuchumaa, wiki ya tano nilichuchumaa, na macho nimefumba. Katibu wa klabu, Mwingereza mpole mwenye kifua cha kukohoa, aliniita pembeni. Akasema polisi watamwuliza kama mimi ni mtu salama, na hatatia saini ombi langu la kibali mpaka nipige zote sita nimesimama, macho wazi. Muda wangu wa majaribio ulikuwa umebaki majuma matatu. Nilirudi nyumbani nina hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwangu mwenyewe.

Jirani hakunionea huruma hata kidogo. "Hii shaba iko mzuri ya kupiga picha," akasema. "Kupiga risasi, inavutika kidogo kidogo, mwisho inalegea. Fundi hawezi kununua kitu kwa sababu inang'aa. Wewe nataka nini kabisa?"

"Nataka ambayo haina kelele."

Alicheka mpaka akashika kilemba. Lakini fundi ni fundi. Alinipa ile ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama: nyeusi, ya chuma cha pua, ya matundu madogo, yenye upau wa chuma uliopita juu ya silinda kuikaza. Haina urembo wowote. Nikaifumbata, na kidole changu kikafika kwenye nyundo yake ya nyuma bila kujinyoosha. Yenyewe haitaki baruti nyingi, akaniambia. Weka kidogo, na nafasi inayobaki unaijaza semolina.

"Semolina ipi?"

"Semolina! Ya kupika!"

Kumbe ndivyo wanavyofanya wote, Waingereza wazima wanakuja na semolina kwenye vichupa. Mimi ninayo kilo mbili kabatini kwa basbusa za futari. Hapo nikagundua jambo jingine. Wiki zote zile sikuwahi kupakia mwenyewe, jirani ndiye aliyenipakia, kwa sababu midomo ya matundu huzibwa kwa mafuta, moto usiruke kutoka tundu moja hadi jingine, na kopo la klabu lilikuwa la mafuta ya nguruwe. Nilikuwa nasimama mbali, mikono mgongoni, kisha napewa mkononi kitu kilichoshiba ambacho sikujua ndani kina nini. Basi kwa nini nisikiogope?

Jumamosi hiyo niliyeyusha samli na nta ya nyuki jikoni kwangu, nikamimina kwenye kikopo cha dawa. Jirani alitia kidole, akanusa, akasema iko safi.

Jumapili nikapakia mimi. Kijiko cha baruti, kijiko cha semolina, risasi, nikaikandamiza kwa wenzo, nikapaka samli yangu juu. Mara sita, polepole, kama ninavyopanga dawa za mgonjwa. Nikavaa vizuia kelele masikioni, juu ya ushungi. Nilijua kila kilichomo mle ndani kwa jina lake na kipimo chake. Nikasema bismillahi nikavuta.

Moshi mweupe ukanifunika, ukanuka kiberiti na samli iliyoungua. Nilitaka kuchuchumaa, nikakataa. Ya pili. Ya tatu. Ya sita nilipoipiga macho yalikuwa wazi, na nikaona karatasi ikitikisika kule mbele. Nikaiweka chini bastola, nikakaa kwenye benchi, nikalia kwa faraja, na yule katibu akanipa leso yake huku anakohoa.

Nikaagiza yangu, nyeusi ile ile. Afisa wa polisi alikuja nyumbani, akaniuliza naitakia nini, nikamwambia ukweli wote, hata wa kabatini. Aliandika muda mrefu. Kisha akagonga kuta. Sanduku la chuma la kuifungia lazima likazwe kwenye tofali, na kuta zangu karibu zote ni za mbao nyepesi. Alipata tofali mahali pamoja tu. Barua ya kibali ilipokuja niliisoma mara mbili nimesimama mlangoni, nikashusha pumzi.

Tarehe tano Novemba iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, fataki ya kwanza ikapasuka. Miguu haikuniuliza. Ilinifikisha chini ya ngazi, mkono ukafungua kabati. Sanduku la chuma la bastola lilikuwa limeijaza nafasi yote humo, hata paka asingepenya. Nikabaki nimesimama na kitasa mkononi. Ikapasuka ya pili, na ya tatu. Nikazihesabu mpaka sita, nikaona bado nimesimama.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Binti yangu huyo, mto kwapani, chupa ya chai mkononi, kama kila mwaka. Ana miaka thelathini na mbili. Akatazama kabati, akanitazama mimi.

"Mum, where do we sit?"

"Usivue koti, mwanangu," nikamwambia. "Twende nje ukazione."